Pesa ya Wiki ya Kwanza

Maji ya mafuriko ya masika hukaa katika mtaa wa Unguja siku mbili tatu, pengine wiki. Hasara yake kwa mwenye duka inaweza kukaa miaka. Kati ya mambo hayo mawili kuna kipindi kifupi ambacho mipango yetu ya maafa hukiruka: zile siku saba au kumi za mwanzo, maji yakishapungua na mwenye biashara akisimama mlangoni kwake anahesabu kilichosalia. Ndani ya siku hizo ndipo anapoamua auze nini kwa bei ya kutupa, akope kwa nani, na nyumbani wapunguze kula nini. Hoja ya sura hii ni kwamba mustakabali wa biashara ndogo huamuliwa hapo. Kwa hiyo msaada kwa wafanyabiashara hawa unapaswa kupangwa kabla mvua haijanyesha, uwe fedha mkononi, ufike ndani ya wiki hiyo ya kwanza, na usiwe deni. Kila kipande cha sentensi hiyo kina wapinzani wake, na baadhi yao wana hoja nzito. Nitawafikia mmoja mmoja, lakini kwanza tutazame maafa yenyewe yanavyokuja hapa.

Unguja haimo katika njia kuu ya vimbunga. Ipo nyuzi 6 hivi kusini ya ikweta, na vimbunga vya Bahari ya Hindi huelemea zaidi Madagaska na Msumbiji. Bahati hiyo imetuzoesha kuyaona maafa kuwa habari za watu wengine. Mwanzoni mwa Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokuwa kikisogelea pwani, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitoa tahadhari kwa siku kadhaa mfululizo, na safari za boti kati ya Dar es Salaam na Unguja zikasimama. Kimbunga kilimalizia nguvu zake upande wa Mafia. Lakini anayeuza vitunguu na viazi Darajani, ambaye mzigo wake huvuka mkondo kutoka bara, alikuwa ameshapigwa kabla hajaona hata tone la mvua. Kisiwa kinachovusha sehemu kubwa ya chakula chake kwa chombo hakihitaji kupigwa na dhoruba ili kipate hasara. Bandari ikifungwa siku tatu inatosha.

Adui wa kawaida zaidi ni masika. Mji Mkongwe ni rasi iliyozungukwa na bahari, na zamani upande wa mashariki ulitengwa na Ng'ambo kwa mkono wa bahari uliojaa na kupwa kila siku. Jina la Darajani lilitokana na daraja lililovuka maji hayo. Mkono huo ulifukiwa kidogo kidogo katika karne ya 20, juu yake zikapita barabara na yakajengwa maduka, lakini ardhi imebaki chini. Mvua kubwa ikikutana na bahari iliyojaa, maji ya mtaani yanakosa pa kutokea. Ng'ambo hali ni ya namna nyingine: mabonde yaliyokuwa yakipokea maji ya mvua yamejengwa nyumba, na Mwanakwerekwe ndiyo mfano unaojulikana na kila abiria wa daladala. Mvua za Mei 2017 ziliifunika barabara hapo na kule Kibondemzungu, na anayefanya biashara kando ya barabara iliyokatika anapoteza wateja hata kama kibanda chake hakikuingia maji.

Sasa tuje kwenye ushahidi. Uchunguzi bora kabisa ninaoufahamu kuhusu wafanyakazi na wafanyabiashara wadogo wa Unguja walipopigwa na janga la ghafla haukuhusu mvua. Ulihusu umeme. Tarehe 21 Mei 2008 umeme unaoletwa na waya wa chini ya bahari kutoka bara ulikatika, na Unguja nzima ikakaa gizani hadi karibu na katikati ya Juni. Mchumi Alfredo Burlando aliulinganisha muda ule na miezi ya kabla na ya baada. Watu ambao kazi yao hutegemea umeme, kama vile mafundi, wenye majokofu na wenye saluni, walipungukiwa na saa za kazi na kipato kwa mwezi ule, na umeme uliporudi saa zao za kazi zikarudi. Mtu angeishia hapo na kusema hasara ilikuwa ya mwezi mmoja tu. Lakini Burlando aliangalia pia rekodi za wodi ya wazazi, akakuta kuwa watoto waliokuwa matumboni wakati wa giza lile, au waliotungwa karibu nalo, walizaliwa na uzito mdogo kuliko ilivyotarajiwa. Maelezo aliyoyaona kuwa na uzito zaidi ni kule kupungua kwa kipato. Pesa ilikatika katika karakana, athari ikaonekana kwenye mizani ya mkunga miezi kadhaa baadaye.

Nimeutanguliza mfano huu kwa sababu unaonyesha jambo ambalo hesabu za kawaida za maafa haziwezi kulionyesha. Serikali huhesabu nyumba zilizoanguka, madaraja yaliyobomoka, vyoo vilivyojaa. Hakuna anayehesabu siku ambazo mwenye saluni alikaa bila mteja huku watoto wake wakinywa uji mwepesi. Ukimuuliza baada ya mwezi atakwambia mambo yametengemaa, na ni kweli yametengemaa, isipokuwa yale aliyoyalipia kwa mwili wake na wa watoto wake. Kisha Disemba 2009 waya ule ule ukaharibika tena, na safari hii giza lilidumu miezi mitatu, hadi Machi 2010. Waya mpya wenye uwezo wa megawati 100 ulianza kazi mwaka 2013. Kati ya giza la kwanza na la pili kulikuwa na mwaka mmoja na nusu wa kujiandaa, na wenye uwezo walijiandaa kwa kununua majenereta. Mwenye jokofu moja la barafu hakuwa na cha kununulia.

Ushahidi wa pili ni wa zamani zaidi, nao unahusu deni. Tarehe 15 Aprili 1872, mwaka wa pili wa utawala wa Seyyid Barghash, kimbunga kiliipiga Unguja katika majira ambayo hakuna aliyekitarajia. Vyombo vilivyokuwa bandarini vilizama au vilitupwa ufukweni, zikiwemo meli za Sultani mwenyewe. Sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya Unguja iling'olewa, huku Pemba ikisalimika, na tangu hapo Pemba ndiyo iliyoshika uongozi wa karafuu. Mkarafuu mpya huchukua miaka 6 au zaidi kabla haujatoa mavuno ya maana. Mwenye shamba aliyepoteza miti yake alikuwa na njia mbili, ama aache shamba, ama akope kwa kuliweka rehani na kungoja. Wengi walikopa kwa wafanyabiashara wa mjini. Sidai kuwa madeni ya wenye mashamba ya Zanzibar yalizaliwa na kimbunga peke yake. Kulikuwa na mkataba wa Juni 1873 uliofunga soko la watumwa na kubadilisha gharama za kazi, kulikuwa na kuporomoka kwa bei ya karafuu, na kulikuwa na matumizi ya kikabaila. Lakini kimbunga kiliwasukuma watu wengi kwa wakati mmoja katika mlango wa mkopeshaji, wakiwa hawana nguvu ya kujadiliana masharti. Miaka 60 na zaidi baadaye, mnamo 1934, serikali ya kikoloni ilikuwa bado inatunga sheria za kuzuia ardhi isichukuliwe kwa madeni, na sheria zile zikazua mgogoro uliofika mpaka Bara Hindi, ambako karafuu ya Zanzibar ilisusiwa. Maafa ya siku moja yaliacha hesabu ambayo vizazi viwili havikuimaliza.

Wenye mashamba wa 1872 hawakuwa wafanyabiashara wadogo, lakini tabia ya deni la dharura haijabadilika. Anayekopa kwa kupanga huchagua mkopeshaji, anauliza riba, anapima mauzo yake. Anayekopa siku ya tatu baada ya mafuriko hukubali chochote. Ndiyo maana mikopo ya mitaani yenye kulipwa kila siku, ile watu waliyoipa jina la kausha damu, hupata wateja wake katika nyakati kama hizo. Mkopo wenyewe unaweza kuwa mdogo. Kinachoumiza ni kwamba marejesho yanaanza kesho yake, wakati duka bado halijauza kitu.

Basi pesa isiyo deni, ikitolewa mapema, inasaidia kweli? Jibu linatoka ng'ambo ya bahari yetu hii hii. Baada ya tsunami ya tarehe 26 Disemba 2004, wachumi Suresh de Mel, David McKenzie na Christopher Woodruff walifuatilia biashara ndogondogo za Sri Lanka. Baadhi yao, waliochaguliwa kwa bahati nasibu, walipewa rupia 10,000 au 20,000, yaani kama dola 100 au 200 za wakati ule, bila ya kudaiwa. Kwa kuwa uchaguzi ulikuwa wa bahati nasibu, tofauti iliyotokea baadaye kati ya waliopewa na wasiopewa haiwezi kuelezwa kwa bidii au ujanja wa mtu. Waliyoyagundua ni mambo mawili. La kwanza, biashara zilizoharibiwa zilichukua muda mrefu kurudi kuliko watu walivyodhani. La pili, pesa ile iliharakisha kurudi kwa maduka ya rejareja, lakini haikusaidia vivyo hivyo wale wanaotengeneza bidhaa, kwa sababu hao walitegemea malighafi na wateja ambao nao walikuwa wamevurugika. Hilo la pili ni muhimu kwetu, na nitalirudia.

Kwa nini duka la rejareja linafaidika hivyo? Tazama duka la mtaani kwa karibu. Mtaji wake uko katika sehemu tatu: bidhaa zilizo rafuni, pesa zilizo katika droo au kwenye simu, na daftari la madeni. Daftari ndilo linalosahauliwa. Duka la Kikwajuni au Jang'ombe huuza kwa mkopo kwa majirani, sukari nusu kilo hapa, mafuta ya taa pale, na jumla ya madeni hayo inaweza kuzidi thamani ya bidhaa zilizobaki. Yote yameandikwa kwa kalamu katika daftari la kurasa za mistari linalokaa chini ya kaunta, karibu na sakafu. Maji yakiingia futi moja, wino unayeyuka na mtaji unaondoka nao. Mwenye duka hawezi kwenda kwa jirani aliyeingiliwa na maji yeye mwenyewe, akamdai deni ambalo hana ushahidi nalo. Kupiga picha kurasa za daftari kila Ijumaa kwa simu na kumtumia ndugu anayekaa mahali pengine ni jambo lisilogharimu chochote, nalo lina faida kuliko semina nyingi za maafa. Vivyo hivyo kuweka magunia ya mchele na unga juu ya kichanja cha mbao badala ya sakafuni. Wajenzi wa Mji Mkongwe waliyajua haya zamani. Baraza za mawe zilizo mbele ya nyumba, ambazo leo tunazipenda kwa mazungumzo na kahawa, zilikuwa pia njia ya kupita mtu miguu mikavu mvua inapoigeuza mitaa kuwa mito.

Kujiandaa kwa namna hiyo hupunguza hasara, lakini hakuiondoi. Mwenye kuuza urojo aliyepoteza jiko, sufuria na unga hana cha kuweka juu zaidi. Ndipo pesa ya wiki ya kwanza inapoingia. Kwa biashara za aina hii kiasi chenyewe si kikubwa. Mtu anahitaji cha kununulia mzigo wa kwanza na kufungulia mlango, kwa sababu mauzo ya siku ya kwanza ndiyo yanayonunua mzigo wa pili. Akikosa hicho kidogo kwa wiki tatu, wateja wamehamia kwingine, kodi ya kibanda imerundikana, na msaada unaokuja mwezi wa tatu unakuta hakuna biashara ya kuisaidia.

Hoja yangu ina mpaka, na mpaka huo uko ufukweni mwa mashariki. Kilimo cha mwani kilianza kibiashara Paje na Jambiani mwaka 1989, na wengi mno wa wakulima wake ni wanawake. Mkulima hufunga mbegu kwenye kamba kwa vipande vya taitai, kamba anaziwamba kati ya mambo, yaani vigingi, zilizochomekwa mchangani, na hufanya kazi nyakati za bamvua, maji yanapokupwa mbali. Kusi kali ikikata kamba na kung'oa mambo, hasara ni ya aina tuliyoizungumza: anahitaji kamba, taitai na mbegu mara moja ili asikose bamvua inayofuata, na pesa ndogo ya haraka inamfaa. Lakini aina ya mwani yenye bei nzuri, cottonii, imekuwa ikifa katika maji ya kina kifupi kwa sababu ya bahari kupata joto, pamoja na maradhi yanayofuatana na joto hilo. Wakulima wamebaki na spinosum, inayostahimili zaidi na yenye bei ndogo sana. Kumpa mwanamke huyo pesa arudie kupanda cottonii pale pale ni kumsaidia apoteze tena. Dk. Flower Msuya na wenzake wamefanya kazi ya miaka mingi ya kuhamishia cottonii katika maji ya kina kwa kutumia nyavu za mirija, na kuwafundisha wakulima kutengeneza sabuni na unga wa mwani ili wasitegemee bei ya mnunuzi mmoja. Hayo ni matibabu ya polepole kwa maafa ya polepole. Yanahitaji boti, kujua kuogelea, mafunzo na soko. Hapa ndipo yale matokeo ya Sri Lanka kuhusu watengenezaji wa bidhaa yanapotuhusu: pesa peke yake haifanyi kazi pale ambapo kilichoharibika ni mnyororo mzima.

Pingamizi la kwanza linatoka kwa wahandisi. Wanasema shilingi iliyotiwa katika mtaro ina faida kuliko shilingi iliyotiwa mfukoni mwa mtu, kwa kuwa mtaro huzuia mafuriko na pesa hufuta machozi tu. Wana haki kwa sehemu kubwa. Mradi wa huduma za mijini uliogharamiwa na mkopo wa Benki ya Dunia tangu 2011 ulijenga mitaro na ukuta wa bahari wa Mizingani, na aliyeuona ufukwe ule kabla na baada hawezi kubisha. Lakini mtaro mkubwa huchukua miaka kusanifiwa na kujengwa, hupita mitaa fulani na kuiacha mingine, na hujengwa kwa kipimo cha mvua zilizokwisha kunyesha. Kinachonisumbua zaidi ni kwamba mijadala hii huwekwa kama mashindano wakati gharama zake hazilingani hata kidogo. Chukua mfano wa hesabu tu: biashara 5,000 zikipewa shilingi 200,000 kila moja, jumla ni shilingi bilioni 1. Mwaka 2021, Zanzibar ilipata shilingi bilioni 230 kutoka katika mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa kwa ajili ya kukabiliana na athari za Uviko-19. Bilioni 1 haifiki hata nusu ya asilimia moja ya fedha zile. Hakuna mtaro utakaokosa kujengwa kwa sababu ya kiasi hicho.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: watu watadanganya. Asiyeingiliwa na maji atasema ameingiliwa, mwenye jamaa katika ofisi atapewa mara mbili, na wanaostahili watabaki kusimulia. Hofu hii ina msingi, na kila aliyewahi kuona orodha ya msaada ikibandikwa ukutani anaijua. Lakini Zanzibar imeshajifundisha jambo ambalo nchi nyingi za Afrika bado hazijaliweza. Tangu Aprili 2016, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar inalipa Pencheni Jamii kwa kila mkaazi aliyetimiza miaka 70, kwa fedha zake yenyewe. Ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi, baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Haiulizi nani maskini na nani tajiri. Sharti ni umri na ukaazi, mambo mawili ambayo sheha na majirani wanayajua. Wepesi huo wa masharti ndio unaoipunguzia mianya. Pesa ya wiki ya kwanza inaweza kufuata njia hiyo: kabla ya masika kila shehia iwe na orodha ya biashara zake, zikiwemo za vibandani na za majumbani, orodha isomwe hadharani ili majirani wakosoe, na mafuriko yakithibitishwa katika eneo, wote waliomo katika eneo hilo walipwe kwa simu bila ya kila mmoja kupimwa hasara yake. Atapata na ambaye duka lake lilisalimika, hilo halikwepeki. Lakini kutuma kamati ipite mlango hadi mlango ikikadiria hasara ni kuchelewa kwa wiki sita, na kuchelewa huko ndiko nilikosema kunaua.

Wengine wataogopa orodha yenyewe. Mama anayekaanga bagia mlangoni kwake anajua kuwa anayeandikwa leo kwa msaada anaweza kufuatwa kesho kwa kodi. Serikali ikitaka orodha ya kweli, itamke kwa maandishi kwamba haitatumika kwa kodi, kisha itimize. Sioni njia ya mkato hapo. Kisheria chombo kipo: Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa Zanzibar inafanya kazi chini ya Sheria Namba 1 ya 2015, na kamati za maafa zinapaswa kushuka hadi ngazi ya shehia. Kinachohitajika ni kamati hizo zimtambue mfanyabiashara mdogo kama mtu mwenye hasara yake mahususi. Kwa sasa yeye huhesabiwa tu kama mwenye nyumba iliyoingia maji, na genge lake halionekani popote katika hesabu.

Kuhusu bima, wengi watauliza kwa nini nisiishie hapo. Shirika la Bima la Zanzibar lipo tangu 1969, na katika miaka ya karibuni limeingia pia katika takaful, bima ya kusaidiana inayofuata sharia, jambo ambalo linaondoa kikwazo cha dhamiri kwa Waislamu wengi wa visiwa hivi. Kaskazini mashariki ya Kenya kuna mfano unaotia moyo. Mwaka 2013 wafugaji wa Wajir walianza kuuziwa bima ya mifugo iliyoendana na takaful, na mwaka 2014 wakaanza kulipwa ukame ulipotokea. Malipo hutolewa kwa kipimo cha ukavu wa malisho kinachosomwa na setilaiti, hakuna anayekwenda kuhesabu mizoga. Kwa mvua na mawimbi ya Unguja mfumo kama huo unaweza kubuniwa, na naomba ubuniwe. Ila bima inataka mtu alipe mapema kila mwaka kwa jambo ambalo huenda lisitokee, na kwa muuza ndizi hilo ni zito. Ndiyo maana naiona bima kuwa ngazi ya juu, ya mwenye duka la vinyago Gizenga au nyumba ya wageni Shangani, na pesa ya umma kuwa ngazi ya chini. Mikopo ya wakala wa uwezeshaji wananchi kiuchumi nayo ina nafasi yake kuanzia mwezi wa tatu, mtu akishafungua na kuanza kuuza. Dini pia inatupa mlango ambao hatujautumia vya kutosha. Miongoni mwa mafungu manane ya wanaostahiki zaka wamo wenye madeni, na mfanyabiashara aliyekopa kwa sababu ya mafuriko anaingia humo waziwazi.

Mji Mkongwe una tatizo la ziada. Wenye maduka wengi humo ni wapangaji katika nyumba za Serikali, za wakfu au za warithi waliotawanyika. Nyumba hizo za mawe ya matumbawe, chokaa na boriti huvumilia karne nzima zikitunzwa, na hushindwa upesi maji yakiingia katika kuta. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Barghash mwaka 1883, iliporomoka wakati likiwa katika ukarabati, na watu wawili wakafariki. Ikiwa jumba mashuhuri kuliko yote katika mji ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000 linaweza kufika hapo, mpangaji wa chumba cha chini katika nyumba isiyo na jina afanye nini? Hana haki ya kuezeka wala kupiga lipu. Akipiga ya saruji, unyevu hufungika ndani ya ukuta na kuula. Hapa pesa ya wiki ya kwanza haimfikishi mbali, kwa kuwa hatari iko juu ya kichwa chake na ufunguo wa kuiondoa uko kwa mwengine. Mikataba ya kupanga ingepasa kueleza nani anatengeneza paa na ndani ya muda gani.

Limebaki swali la watu ambao hakuna orodha itakayowafikia kwa wakati. Kwa hao, kisiwa kina kitu cha kutegemea. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, vikundi vya kuweka na kukopa vilivyoanzia vijiji vya karibu na Jozani vimeenea Unguja nzima. Wanachama hununua hisa kila wiki, pesa huingia katika sanduku lenye kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu tofauti. Pembeni ya hisa kuna mfuko wa jamii, mchango mdogo wa kumfaa aliyefiwa au kuuguliwa. Kwa kasi hakuna benki inayouweza mfuko huo: wanachama wakikubaliana jioni, pesa imetoka jioni hiyo hiyo. Udhaifu wake wa kwanza ni kwamba mafuriko huwapiga wanachama wote pamoja. Udhaifu wa pili haujasemwa sana. Vikundi vingi hupenda kuvunja sanduku na kugawana karibu na Idi, watoto wapate nguo na nyumba ipate pilau. Mwaka wa Kiislamu husogea nyuma siku 11 hivi kila mwaka, na kwa miaka hii Idi ya mfungo imekuwa ikiangukia katika masika yenyewe au kwenye mlango wake. Mwaka 2024 ilikuwa tarehe 10 Aprili, na Hidaya ilikuja chini ya mwezi mmoja baadaye, masanduku mengi yakiwa yameshagawiwa. Vikundi vingeweza kugawana hisa kama kawaida na kuuacha mfuko wa jamii bila kuguswa hadi Juni iishe, na Serikali ikaweka shilingi moja juu ya kila shilingi iliyobakizwa humo. Uamuzi huo unaweza kupitishwa katika kikao cha wiki moja, kwa mikono iliyonyooshwa, na Februari ni mwezi mzuri wa kuujadili.